Kwenye muvi mimi naangalia mikono

Mama yangu amelima viazi na pareto Umalila karibu maisha yake yote kabla hajashuka kuja kukaa na sisi Mbeya mjini. Akiangalia muvi hahangaiki na stelingi ni nani wala nani atakufa mwisho. Anaangalia mikono. Juzijuzi tuliweka muvi moja ya kwetu, ya dada aliyefukuzwa na mumewe akarudi kijijini kulima. Ikafika sehemu ya shamba. Dada ana kucha za rangi, jembe kalishikia mwisho kabisa wa mpini, analipandisha juu ya kichwa na kulishusha, udongo haupinduki. Mama akasema, "Huyu hajawahi kulima hata bustani," akarudi kwenye sweta aliyokuwa anafuma. Muvi ilikuwa bado na saa nzima mbele, ila kwake ilikuwa imeisha.

Nami sasa nimeambukizwa. Nikianza muvi yoyote najikuta nauliza: hawa watu wanaishi kwa kazi gani? Nani katika nyumba hii ananunua unga? Nani ameamka alfajiri, na alikuwa anakwenda wapi? Naamini kabisa kwamba mtunzi asiyejua wahusika wake wanafanya kazi gani hawajui wahusika wake, na hata akiwaliza namna gani hawezi kuniliza mimi. Baridi ya mwaka huu imetukalisha sana ndani, kama kila Juni na Julai hapa kwetu. Upepo ukishaanza kuteremka kutoka mlima Loleza jioni hakuna anayetamani kuzurura Mwanjelwa. Mdogo wangu anaunganisha laptop yake kwenye TV, chai ya tangawizi inapita, tunaangalia. Katika tulizoangalia kuna chache nataka watu wazitafute, na kuna mambo nataka kuyasema juu ya muvi zetu.

Naanza na iliyotugusa kuliko zote, The Boy Who Harnessed the Wind. Imetoka mwaka 2019, imeongozwa na Chiwetel Ejiofor, na ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza kuiongoza. Yeye mwenyewe ndiye anayeigiza baba. Ni hadithi ya kweli ya William Kamkwamba, kijana wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, Malawi, aliyetengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Malawi kwetu si mbali. Ukitoka Kyela ukavuka mto Songwe pale Kasumulu umeshafika. Lakini sikutegemea nyumba ile iwe ya kwetu kiasi kile: ua ulivyofagiliwa, mahindi yanavyohesabiwa kwa gunia na kila gunia kupewa kazi yake kabla halijafungwa, hili la chakula, hili la ada, hili la mbolea. Mama alinyamaza tangu mwanzo. Kwake huo ni ushindi wa muvi.

Muvi imegawanywa kwa misimu ya mkulima. Kuna kupanda, kukua, kuvuna, halafu njaa, halafu upepo. Mgawanyo huo peke yake unakuambia aliyeandika alikaa na watu wa shamba akawasikiliza, kwa sababu mkulima ndivyo anavyohesabu mwaka, na ndivyo hofu inavyoingia kwenye nyumba yake, kidogo kidogo. Inaanza na watu kuuza miti kwa kampuni ya tumbaku kwa sababu wanahitaji fedha sasa hivi. Mvua ikija hakuna cha kuzuia maji. Baada ya mafuriko linakuja jua. Chifu anasimama mbele ya rais kusema ukweli wa hali ya watu wake, na watu wa rais wanampiga vibaya. Wezi wanaingia na kubeba nafaka. Familia inapunguza chakula mpaka inakula mara moja kwa siku. Hakuna hata sehemu moja ambapo mtu anakaa chini na kueleza "tuna njaa kwa sababu ya hiki na hiki". Unaiona sababu mkononi mwa mtu, anapokata mti, anapopokea hela, anapopanda mbegu kwenye udongo mkavu kwa sababu asipopanda atakuwa amekubali kushindwa.

Na hapo ndipo inapokuja baiskeli. William amesoma kwenye maktaba ya shule, ambako anaingia kwa mlango wa nyuma maana ada haijakamilika, akaelewa kwamba dainamo inayowasha taa ya baiskeli ikizungushwa na upepo inatoa umeme. Dainamo anaipata kwa mwalimu aliyetoroka na dada yake William. Kilichobaki ni baiskeli ya baba, na anataka kuikata. Baba anakataa kwa hasira. Mdogo wangu alimwona mzee yule kuwa mkaidi, wakabishana na mama papo hapo. Mama akamwambia: baiskeli ndiyo inapeleka mahindi kusagwa, ndiyo inapeleka mgonjwa zahanati, ndiyo mzee anaikimbilia likitokea la kutokea. Mtoto anakuja kukuambia aikate kwa sababu ameona picha kwenye kitabu! Nami niko na mama. Muvi nyingi zingemfanya baba kuwa adui wa maendeleo ili tumshangilie mtoto. Ejiofor hakufanya hivyo. Alimwigiza mtu aliyekwisha kupoteza karibu kila kitu na sasa anaombwa kile kimoja kilichobaki, na mkewe, Agnes, ndiye anayemfungulia njia ya kukubali. Ukiangalia mikono ya baba siku ile ya kusimamisha mnara unaelewa kwamba ametoa.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni lugha. Nyumbani mle wanachanganya Kichewa na Kiingereza, na kila baba na mwana wanapogeukia Kiingereza katikati ya jambo zito nilikuwa natolewa nje ya nyumba. Ejiofor alijifunza Kichewa kwa ajili ya kazi hii, na kinamkaa vizuri mdomoni. Angekiamini mpaka mwisho.

La pili ni kubwa kidogo. Kwenye muvi, kinu kinasimama, maji yanatoka, shamba linapona. Katika maisha halisi kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa nyumbani kwao. Pampu ya maji ilikuja baadaye, kwa vinu vingine. Naelewa kwa nini waliyaunganisha, muvi ya njaa inataka maji. Lakini taa ile ilikuwa ya kutosha kabisa. Nani aliyekulia kijiji kisicho na umeme asiyejua uzito wa taa moja sebuleni, watoto wakisoma, majirani wakija na simu zao kuchaji? Hiyo nayo ni hadithi, tena ni yetu zaidi. Kwa taarifa tu, mara ya kwanza Kamkwamba kusimama mbele ya watu wa mataifa kueleza kazi yake ilikuwa hapa Tanzania, Arusha, mwaka 2007, kwenye mkutano wa TED. Kitabu chake kilitoka 2009.

Kwa kuwa maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, mdogo wangu alikuwa anamtafsiria mama kwa sauti. Hili linanileta kwenye muvi zilizotafsiriwa, hizi ambazo DJ anazungumza juu ya sauti ya waigizaji. Kuna wasomi wanaozidharau. Mimi siko upande wao. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu kwenye mikanda ya VHS, watu hawa wamewafungulia sinema mamilioni ambao shule haikuwapa Kiingereza, na mabanda ya video ya Kabwe na Uyole yasingekuwa na watu bila wao. Mama anaijua China na India kwa sababu yao. Ninachowaomba ma-DJ ni kitu kimoja: mtu akiwa kimya kwenye muvi, anapika, anashona, anachimba, mwacheni. Kuna DJ mmoja anajaza kila sekunde utadhani analipwa kwa neno. Mwanamke anaosha mwili wa mumewe aliyekufa, hajasema kitu, na DJ anatupigia stori za mtaani. Kutafsiri ni kazi kubwa na ya heshima, na sehemu ya kazi hiyo ni kujua pa kunyamaza.

Queen of Katwe tuliirudia, maana tulikuwa tumeiona zamani. Ya Mira Nair, mwaka 2016, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyekuwa bingwa wa sataranji. Sitaki kurefusha. Lupita Nyong'o akiwa mama mjane ndiye muvi yenyewe, na nampenda zaidi pale anapokuwa mkali kwa wanawe kwa sababu tu amechoka na kesho yake kuna mahindi ya kuuza. Madina Nalwanga anayeigiza Phiona naye anatembea kati ya magari na mahindi kama mtu anayejua bei yake. Na mwisho wake, waigizaji wanaposimama kando ya watu halisi waliowaigiza, ni mzuri kila mara. Sataranji yenyewe hatuijui nyumbani, wala haikutuzuia.

Sasa za kwetu. Nasema haya kwa mapenzi, maana nimekua nazo, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 mtaani kwetu watu walilia kama wamefiwa na ndugu. Lakini kwa miaka mingi Bongo Movie imeishi sebuleni. Kochi, zulia, maua ya plastiki, mfanyakazi wa ndani anayeitwa kwa kelele, na mwenye nyumba ambaye ni "mkurugenzi". Mkurugenzi wa nini? Hatuambiwi. Kampuni yake inauza nini, inaajiri nani, mwezi huu imepata au imekosa, hakuna anayejua. Anatoka na brifkesi, anarudi na brifkesi. Mapenzi yake yanasalitiwa, mali yake inagombaniwa, na mimi siwezi kumsikitikia kwa sababu sijui alichokitolea jasho. Fedha ngumu ya kutengenezea muvi naijua, sebule ya kuazima ni rahisi kuliko kiwanda. Ila genge la nyanya ni rahisi kuliko sebule, na fundi cherehani yupo kila kona akiwa na mashine yake barazani.

Ndiyo maana Binti ilinifurahisha. Imeongozwa na Seko Shamte, ya mwaka 2021, ina hadithi nne za wanawake wanne wa Dar es Salaam zinazopishana. Niliyemfuata kwa moyo wote ni Tumaini, kwa sababu ana duka na ana deni. Deni lina tarehe, lina mtu anayekuja kulidai, na duka lina bidhaa ambazo zikiharibika hakuna kesho. Hapo nilisogea mbele kwenye kiti. Hadithi nyingine ndani ya muvi ileile zilizo kwenye nyumba nzuri nzuri ziliniacha mbali kidogo, ingawa zinagusa mambo mazito sana kwa wanawake, kipigo, kutafuta mtoto, kulea mtoto anayehitaji uangalizi wa pekee. Mwenzangu mmoja wa kazini anaona kinyume kabisa, yeye ndizo zilizomliza. Imepigwa picha vizuri, sauti inasikika, na wanaume wake hawajachorwa wote kwa rangi moja. Itafuteni.

Vuta N'kuvute nimeingojea muda mrefu, maana waliopita kidato cha tano na sita kwa Kiswahili wengi wanakijua kitabu cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka 1999. Amil Shivji ameifanya muvi, ikaoneshwa Toronto Septemba 2021, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, mara ya pili tu kwa nchi yetu kupeleka muvi baada ya Maangamizi miaka ishirini hivi nyuma. Kwa macho, sijaona muvi ya Kitanzania nzuri kuliko hii. Unguja ya miaka ya hamsini, usiku, taa za karabai, vichochoro, rangi za nguo. Kiswahili chake cha Kiunguja ni raha tupu masikioni, hata kwa sisi wa bara tulioambiwa tangu utoto kwamba matamshi yetu yana milima.

Lakini Yasmin na Denge walinipita. Yasmin ametoroka ndoa ya mzee aliyechaguliwa na wengine, Denge anapigania uhuru, wanapendana, na kila mara kamera iko juu ya nyuso zao nzuri. Kitabu kina nafasi ya kukuonesha watu wanavyohangaika kupata riziki kila siku ndani ya ukoloni. Muvi ina haraka ya kufika kwenye mapenzi na siri. Anayebaki nami ni Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin. Ameigizwa na Siti Amina wa Siti and the Band, mwimbaji wa kweli wa taarabu, na akiimba unaona pumzi inapotoka na bega linavyosaidia. Ana kazi, na kazi hiyo ndiyo inayompa chumba cha kumpokea mtu aliyefukuzwa. Ningetazama muvi nzima ya Mwajuma.

Kwa wenye watoto, wekeni Supa Modo ya Kenya, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018. Haifiki hata saa moja na nusu. Jo ni mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaamua kutengeneza muvi ambayo yeye ndiye shujaa. Kuna kijana anaitwa Mike, mwenye banda la video kijijini, DJ kama hawa wetu, na ndiye anayeshika kamera. Muvi inamheshimu. Haimfanyi kichekesho, inamfanya kiongozi. Na mama wa Jo ni mkunga, mtu ambaye kazi yake ni kupokea watoto wa wengine huku wake anaondoka. Sitasema zaidi, mtaangalia wenyewe, ila leso ziwe karibu.

Baada ya hizi zote nikawa na swali ambalo mdogo wangu analiona la kijiji na mimi naliona la haki: Nyanda za Juu Kusini ziko wapi kwenye sinema yetu? Tukitokea, tunatokea kama mahali pa kutoka. Binti anapanda basi kwenda Dar, kamera inampokea Dar. Mlima Kitonga unaonekana dirishani, basi. Mtu akisema muvi ya kusini, kila mmoja anataja Mkwawa, chifu wa Wahehe, na ni kweli Mkwawa anastahili: Lugalo 1891 alipomwangusha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ngome yake ya Kalenga kuanguka 1894, kifo chake 1898, fuvu lake kurudishwa 1954. Nikiulizwa mimi, ningeanza na ukuta wa mawe wa Kalenga. Nani aliyabeba yale mawe? Walikula nini wakiyapanga? Mizinga ya Wajerumani ilipoupiga ukuta ule, kuna mtu alikuwa analijua kila jiwe lake. Nipe huyo mtu, halafu nionyeshe chifu.

Lakini ninayoitaka zaidi ni ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi. Simama Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, uangalie viazi vinavyofungwa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kofia juu, linashonewa kwa kamba mpaka linasimama kama mjamzito, na mwanamke aliyelima anauza gunia moja kwa bei ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanakuja na kuondoka, matamko yanatolewa, na kofia inarudi. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi ana lori na mkulima ana viazi vinavyoanza kuota. Kwa sababu jirani akikataa lumbesa, mwingine mwenye mtoto wa kulipiwa ada atakubali. Humo mna kila kitu ambacho muvi inahitaji. Kuna dalali ambaye ni mtoto wa palepale kijijini na anaijua shida ya kila nyumba. Kuna vijana wapakiaji ambao migongo yao inaisha kabla hawajafika arobaini. Kuna dereva anayekesha zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, na mama wa chipsi kule mwisho ambaye naye ananunua kwa ndoo na kulalamika bei. Mapenzi yakitaka kuingia humo yaingie tu, nafasi ipo.

Muvi kama hiyo haihitaji nyumba ya kukodi Mbezi wala gari la kuazima. Inahitaji lori moja, viazi vya kweli, na waigizaji watakaokubali kukaa Isyonje msimu mzima wakijifunza kushona gunia kabla hawajapewa maneno ya kusema.